Orodha za malipo ya korosho zisirushwe kwenye magrupu

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako kwa jambo lililonikaa kooni toka msimu wa korosho uliopita, na kwa kuwa msimu mwingine ndo huo unakuja, minada ikishaanza mwezi wa 10 mambo yatakuwa yaleyale, nimeona nisinyamaze.

Mi ni wakala wa huduma za fedha kwa simu hapa Mtwara mjini, sio mbali na soko la Chikongola. Kutoa, kuweka, umeme, ving'amuzi, kazi zetu mnazijua. Mtu akipata shida ya simu anakuja kibandani kwanza kabla hajaenda kokote, kwahiyo mengi nayaona mimi kabla polisi hawajayaona. Ila hili la leo halikuja kibandani, lilitokea nyumbani kwetu.

Mama yangu mkubwa ni mjane, mkulima wa korosho, anaishi kijijini. Nimemuomba ruhusa ya kuandika habari hii, akakubali kwa sharti jina lake na kijiji visitajwe, na kilo zake na hela zake pia sizitaji, mkisoma mpaka mbele mtaelewa kwanini. Msimu uliopita alipeleka korosho zake ghalani kama kawaida, mnada ukapita, wakulima wakaanza kusubiri malipo. Mnajua ile hali ya kusubiri malipo, kila mtu anauliza vipi zimeingia, hazijaingia, na simu za karani na mwenyekiti hazipumziki. Sasa uongozi wa AMCOS yao, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, nadhani kwa kuchoka maswali wakafanya walichoona ni chepesi, wakaipiga picha orodha yote ya malipo, kurasa kama 11 hivi, wakairusha kwenye grupu la WhatsApp la wakulima. Jina la mkulima majina matatu, kilo, makato, kiasi anacholipwa, jina la benki, namba ya akaunti, na pembeni kabisa namba ya simu. Vyote hivyo kwenye mstari mmoja.

Mama mkubwa hana simu janja, ana kitochi. Yeye hilo grupu hayumo wala hajawahi kuliona. Lakini mstari wake ulikuwemo, na grupu lilikuwa na watu zaidi ya 400, humo wamo wakulima, watoto wa wakulima walioko Dar, madalali, watu wa kangomba wanaonunua korosho kimagendo, wauza pembejeo, na wengine waliingia kwa linki tu hata aliyewaingiza hajulikani.

Siku ya tatu akapigiwa simu. Mtu mwenye sauti ya upole, anamwita mama shikamoo, anajitambulisha ni wa ofisi ya malipo. Akamtajia majina yake yote matatu. Akamtajia kilo zake bila kukosea hata moja. Akamtajia kiasi alicholipwa na benki aliyolipwa. Alafu akamwambia mama kuna nyongeza yako, makato yalizidishwa kimakosa, sasa mfumo unagoma kukurudishia kwa sababu herufi moja kwenye jina lako imekosewa, itaingia meseji hapo ina tarakimu, nisomee nikurekebishie, na namba yako ya siri pia nitajie tuhakiki. Akasoma. Akataja. Ilikuwa saa 3 asubuhi, mpaka saa 4 haijafika akaunti yake ilikuwa imeshahamishwa hela mara tatu, zaidi ya nusu ya mapato ya msimu mzima imeondoka. Hela ya palizi, hela ya kupulizia, na bati za chumba cha nyuma ambazo alishamuahidi fundi.

Nilipopata habari nikapanda gari siku ileile. Nikamkuta kakaa barazani hata moto hajawasha. Nami kwa hasira, na hili nalijutia mpaka leo, nikamuuliza mama mkubwa si nilikwambia namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote? Akaniangalia akasema, "Mwanangu, mtu anayejua kilo zangu mpaka nusu kilo nitamdhania vipi kuwa ni mwizi? Kilo zangu nazijua mimi na karani."

Jamani, hilo jibu ndo limenifanya niandike. Sisi mawakala tunabandika matangazo kila siku, usitoe namba ya siri, jihadhari na matapeli, tukifikiri tatizo ni wazee hawaelewi. Wanaelewa. Mama mkubwa wangu zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" anazifuta kila siku na hajawahi kuliwa hata shilingi. Angepigiwa na mtu wa kubahatisha angemkatia. Alichokutana nacho ni mtu mwenye taarifa zake za kweli mkononi, na taarifa hizo hakuziiba benki wala hakuvunja mfumo wowote, alipewa bure na viongozi wetu wenyewe waliokuwa na nia njema kabisa. Kwa tapeli kazi ngumu kuliko zote ni kuaminiwa, sasa ile orodha ilimfanyia hiyo kazi kabla hata hajapiga.

Polisi tulienda, benki tulienda, laini iliyompigia ikakutwa ina jina la mtu mwingine kabisa ambaye na yeye hajui lolote. Hayo yapo kwenye taratibu zake, siyasemi zaidi.

Najua nitajibiwa. Nimeshajibiwa kwa mdomo tayari, na aliyenijibu ni mtu mzima namheshimu, aliwahi kuwa kwenye bodi ya AMCOS. Alisema, "Mdogo wangu, nyie vijana hamjui tulikotoka. Zamani karani anaandika kilo anazotaka, mkulima analipwa pungufu, na akiuliza anaambiwa ni makato. Tumepigania miaka orodha ibandikwe ukutani kila mtu aione, leo unataka zifichwe tena?" Na ana haki ya kusema hivo. Toka stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa korosho kukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, ianze huku kwetu msimu wa 2007/2008, kelele kubwa ya mkulima ilikuwa ni hiyohiyo, anataka kuona. Anataka ajue korosho zake ziliuzwa bei gani, kakatwa nini, na jirani yake aliyepeleka siku moja na yeye kalipwa vipi. Mi sitaki orodha zifichwe, na kama kuna kiongozi atasoma barua hii alafu aitumie kama kisingizio cha kumnyima mkulima hesabu zake basi nitakuwa nimewaumiza wakulima mara ya pili.

Lakini ukutani na kwenye grupu sio sehemu moja. Karatasi iliyobandikwa pale ofisini inasomwa na mtu aliyetembea kwa miguu yake mpaka pale, wenzake wanamuona, na akianza kunakili akaunti za watu kwenye daftari ataulizwa wewe unafanya nini hapo. Ikinyesha mvua inalowa, msimu ukiisha inabanduliwa. Picha ya kwenye grupu inaingia kwenye simu 400 kwa mpigo, nyingi ya hizo simu zinajihifadhia picha zenyewe bila hata mwenye simu kugusa kitu, mmoja anafowadi kwa shemeji yake Dar, shemeji anaiweka kwenye grupu lingine, na baada ya wiki hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia iko wapi. Watu wanasema WhatsApp ni salama ujumbe umefungwa, ni kweli umefungwa, toka 2016 mtu wa njiani hawezi kuusoma, ila huko kufungwa ni kwa ajili ya aliye nje. Aliyeko ndani ya grupu anausoma kama wewe, anaupiga skrinishoti kama wewe.

Na kufuta nako kuna mwisho wake. Aliyetuma anaweza kufuta kwa wote ndani ya siku 2 na kidogo tu, na admini anaweza kufuta hata alichotuma mtu mwingine, lakini kilichokwishahifadhiwa kwenye simu za watu hakifutiki. Ndo maana nasema afadhali kisitumwe kabisa.

Alafu kuna madhara ambayo hata hayahitaji tapeli. Kwenye orodha ileile kuna mama mmoja aliyepeleka korosho zake kwa jina lake ili amsomeshe binti, ndugu wa mume wakaziona kilo, ukawa mgogoro wa ukoo mzima. Kuna kijana alikuwa anawaambia wadai wake msimu haukuwa mzuri na kweli haukuwa, ila jina lake linafanana na la baba yake mdogo, wakamfuata na skrinishoti ya hela isiyokuwa yake. Kuna mzee kila mtu alidhani ana mashamba makubwa kumbe karibu yote yameshakodishwa, sasa kijiji kizima kinajua alipata kidogo kiasi gani. Mtu kujulikana umaskini wake bila kutaka linauma vilevile kama kujulikana hela zake. Haya nimeyasikia kwenye grupu moja la kijiji kimoja.

Sisi watu wa kusini ndo wa mwisho kuambiwa hatujui maana ya siri. Mtoto wa kwetu anaingia jandoni, anaingia unyago, na kitu cha kwanza anachofundishwa ni kwamba kuna maneno yana mahali pake na watu wake, ukitoka nje huyasemi. Bibi zetu hawakusoma sheria yoyote ila walijua jambo la watu wa ndani likitoka nje linabadilika, linakuwa silaha. Na inaniuma kuona hata hapo tumeshalegea, likizo ya mwezi wa 6 na wa 12 ukifungua stetasi za watu unakuta mabinti wa unyago na vijana wa jando picha zao, sura zinaonekana wazi, jina limeandikwa na shule anayosoma. Yule mtoto hajaulizwa. Kesho anarudi darasani na wenzake wote wameshaona. Ngoma ipigwe, watu wacheze, mtoto atuzwe, mi mwenyewe nacheza, lakini kwanini mtu wa Mwanza asiyemjua huyo mtoto amuone siku yake ile?

Turudi kwenye orodha. Watu wengi hawajui, na mimi mwenyewe nilijua baada ya haya kutokea, kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Katiba nayo ibara ya 16 toka zamani inasema mtu anastahili kuheshimiwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sasa kwenye hiyo sheria ya 2022 kuna taarifa za kawaida na kuna zinazoitwa taarifa binafsi nyeti ambazo zina ulinzi wa zaidi, na kwenye hizo nyeti miamala ya fedha ya mtu imetajwa, na taarifa za watoto zimetajwa. Yaani kilo kugeuzwa shilingi na kuwekwa pembeni ya akaunti ya mtu sio habari ya kijiji, ni kitu nyeti kwa mujibu wa sheria. Na sheria inasema taarifa ikichukuliwa kwa kazi fulani itumike kwa kazi hiyo. Mama mkubwa alitoa namba ya simu na akaunti kwa karani ili alipwe, basi. Hakuna siku aliulizwa kama anakubali itangazwe. Mtu akiona taarifa zake zimechezewa anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume, na taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa zijisajili huko, je viongozi wetu wa AMCOS wamewahi kuambiwa hili? Semina za salfa ya kupulizia mikorosho tunaziona, semina za ubora wa korosho tunaziona, hii ya taarifa za mkulima sijawahi kuiona hata moja.

Ombi langu kwa vyama vyote vya msingi Mtwara na Lindi, kuanzia huko Newala mpaka Liwale, sio kubwa. Orodha ibandikwe ofisini kama kawaida, ila iwe na namba ya mkulima badala ya jina, kilo, bei, makato na kiasi, akaunti na simu ziondolewe kabisa kwa sababu havimsaidii mkulima mwenzake kuhakiki chochote. Ukitaka kujua kama karani kaiba unahitaji kilo na bei, huhitaji simu ya jirani. Mwenye namba yake atajiona, na anayetaka kuona mstari wake kamili aende kwa karani aoneshwe wake. Kwenye grupu itumwe taarifa tu kwamba malipo ya mnada wa namba fulani yametoka, njooni muangalie. Na mkulima ambaye yuko mbali apigiwe au atumiwe meseji yake peke yake. Kazi itaongezeka kidogo kwa karani, najua, lakini ni siku moja au mbili kwa mnada.

Na sisi wengine tusijivue, maana haya hayaishii kwenye korosho. Mtu kaokota kitambulisho cha NIDA stendi, kwa wema wake anakipiga picha mbele na nyuma anaweka kwenye magrupu 15, "mwenye ndugu yake huyu amtaarifu". Ile namba ina tarakimu 20 na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka mwezi siku, kwahiyo umeshampa kila mtu jina, sura, umri na namba anayoitumia benki na kusajili laini. Ziba namba kwa kidole uache jina tu, au kipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa. Kamati za harusi nazo, jina, ahadi, alichotoa, alichobakiza, kila asubuhi linabandikwa upya mbele ya watu 200, mtu amefiwa au kauguliwa hajamalizia ahadi anaonekana mdaiwa kwa watu ambao hata hawamjui. Muweka hazina amfuate mtu wake pembeni. Mgonjwa kalazwa, ndugu anaposti picha yake yuko kitandani na dripu ili tumuombee, na karatasi ya dawa inasomeka pale mezani. Hili la mgonjwa linanikera sana, ila niliache.

Kwa aliyekwisha kutangazwa kama mama mkubwa kuna mambo machache ya kufanya na hayana gharama. Bonyeza *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, ukiona usiyoijua nenda kwa mtandao husika waifute. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Nenda benki ubadili namba ya siri na uwaambie wazi kwamba taarifa zako zimesambaa. Na kwenye WhatsApp ingia sehemu ya faragha uchague nani anaweza kukuingiza kwenye grupu, usiache kila mtu, maana ukishaingizwa tu namba yako wanaiona wote hata kama hujaandika neno. Wateja wangu nawafanyia hii bure, mtu akija na simu dakika mbili imeisha.

Mama mkubwa amebadili laini. Ile namba ya zamani alikuwa nayo toka enzi za marehemu baba mkubwa, watoto wake wote waliipiga hiyo, na kuna ndugu wa Msumbiji upande wa pili wa mto Ruvuma ambao ndo namba pekee waliyokuwa nayo, mpaka sasa hatujui tuwapateje. Bati hazijaezekwa. Msimu huu amesema atapeleka korosho kwa sababu hana pengine pa kupeleka, ila ameniuliza kama inawezekana kulipwa bila kuandika namba ya simu, nikashindwa kumjibu.

Nilimfuata admini wa grupu kwa heshima nikamuomba azifute zile kurasa 11. Alikubali, akaniomba radhi na nikaona kweli imemuuma. Alifuta nane, tatu zilikuwa zimetumwa tena na mtu mwingine, akapitiwa nazo, jana usiku nilipoangalia kwenye simu ya mtoto wa mjomba bado zilikuwepo. Mstari wa mama mkubwa uko ukurasa wa 7, na ukurasa wa 7 ni mojawapo ya hizo tatu. Kama huyo admini anasoma gazeti hili, kaka, nakuomba umalizie.

Wakala wa huduma za fedha,
Mtwara mjini